Jina la Kiskoti Dalziel: kwa nini karani aliandika "Diyeli", na nalifuatiliaje nikiwa Mwanza?

Makabrasha_Igogo

Wakuu, habari za humu. Naomba msaada kwa mwenye kuzijua koo za Uskoti.

Kwenye makabrasha ya mafundi wa meli za ziwani, ya miaka ya 1930 hadi 1950, yupo fundi mitambo ambaye jina lake la ukoo limeandikwa kwa sura tatu. Hati iliyopigwa taipu inasema Dalziel. Saini inasomeka Dalyell au Dalgell, kwa sababu herufi ya katikati ina mkia mrefu. Halafu kwenye orodha ya malipo ya vibarua, iliyoandikwa kwa Kiswahili kwa kalamu ya wino, karani ameandika "Bwana Diyeli".

Je, hawa ni watu watatu au mmoja? Jina limetoka pembe gani ya Uskoti, na limesambaa wapi? Na nikitaka kujua kijiji chake cha asili naanzia wapi bila kumtuma mtu Edinburgh? Nikiandika Dalziel mtandaoni naletewa shule ya sekondari, kiwanda cha chuma na parokia nzima.

---

Mawe_Matatu

Ni jina moja, na aliyeliandika vizuri kuliko wote ni karani.

Waskoti wa zamani walikuwa na herufi ambayo leo imekufa, ȝ, iliyoitwa yoghi. Umbo lake ni kama tarakimu 3 iliyoshuka chini ya mstari. Kazi yake kubwa ilikuwa sauti ya y, kama ya "yai". Ikikaa baada ya n, ilitoa sauti ile ile tunayoiandika ny kwenye "Nyanza". Ikikaa baada ya l, iliilainisha l hiyo kuelekea y. Uchapaji ulianza Edinburgh mwaka 1508, na kadiri ulivyoenea, wachapaji wengi hawakuwa na ȝ kwenye masanduku yao ya herufi. Wakachukua iliyofanana nayo kwa sura, yaani z yenye mkia. Mdomoni watu waliendelea kusema y, karatasini ikakaa z. Vizazi vilivyofuata, na zaidi wageni, wakaisoma z kama z.

Kwa hiyo Dalziel ni Dalȝel. Wenyewe hutamka di-YEL, mkazo mwishoni, na l ya kwanza haisikiki kabisa. Sasa mtazame karani wako. Alisikia Diyel, akaongeza i mwishoni kama tunavyofanya kwenye "hoteli". Kwa kuwa Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, mkazo ukaangukia pale pale unapotakiwa: di-YE-li. Angekuwa amenakili hati ya taipu, angeandika "Dalzieli" au kitu cha aina hiyo. Maana yake jina alilipata kwa sikio, tena kutoka kwa mtu anayelitamka kwa njia ya Uskoti. Huo ni ushahidi mkubwa kuliko hiyo hati ya taipu, maana huko Amerika na kwingineko wapo kina Dalziel wanaotamka "Dalzil", z kamili. Huyu wako hakuwa mmoja wao.

Yako mengine ya kundi hili. Menzies kwa wenyewe ni "Ming'is", ng' ya ng'ombe hasa, kwa sababu ile ny ya zamani ilirudi nyuma kinywani. Kasri la Culzean huitwa "Kaleini". Visiwa vya Shetland, halmashauri yake iliandikwa Zetland hadi 1975. Mackenzie nalo lilitamkwa karibu na "Making'i", ila hapo tahajia imeshashinda na leo kila mtu anatamka z.

Kwa watu wa huku hili si geni. Ng'wanza imekuwa Mwanza na Ng'wanamalundi amekuwa Mwanamalundi. Anayemtafuta kwenye M peke yake ataziacha karatasi zote zilizoandikwa Ng'w.

Kuhusu saini: mkia mrefu ni z ya mwandiko wa mkono, au y. Usiisome g, usije ukaunda ukoo mpya wa kina Dalgell kwenye faharasa yako.

---

Nansio_Feri

Mawe_Matatu kamaliza sauti, mimi nichukue ardhi.

Dalziel lilikuwa jina la mahali kabla ya kuwa la watu. Ni parokia ya Lanarkshire, ukingo wa kaskazini wa mto Clyde, na mji wa Motherwell umekulia humo. Maana yake hutolewa kwenye maneno mawili ya Kigaeli: *dail*, uwanda wa malisho kando ya mto, na *geal*, -eupe. Utakutana na maelezo mengine, kwamba mfalme mmoja aliomba mtu wa kwenda kuishusha maiti ya ndugu yake iliyotundikwa na maadui, mmoja akajibu "nathubutu", na hilo jibu ndilo likawa jina. Nembo ya ukoo kweli ina mtu uchi, na kaulimbiu yao kweli ni "Nathubutu". Lakini hadithi imekuja kuielezea nembo. Usiinakili kama asili ya jina.

Jina likiwa la mahali, kulibeba si kuwa wa damu moja. Siyo kama Abasilanga wa hapa Ukerewe wanaohesabiana kwa babu. Mpangaji aliyehama Dalziel kwenda kijiji cha tatu aliweza kuitwa "wa Dalziel" bila kuwa na undugu na mwenye shamba.

Wenye ardhi waligawanyika, na kila nyumba ikashika tahajia yake. Walioandika Dalzell ndio waliopewa cheo cha Earl wa Carnwath mwaka 1639. Shamba la asili liliuzwa kwa kina Hamilton mwaka 1647, kwa hiyo baada ya hapo kuwakuta kina Hamilton ndani ya jumba la Dalzell si kosa la mwandishi. Cheo kiliangukia tawi la Glenae, Dumfriesshire. Mwenye nacho akaingia kwenye uasi wa 1715 dhidi ya mfalme, akatekwa Preston, akanyang'anywa. Kikarudishwa 1826 na kuisha kabisa 1941.

Walioandika Dalyell ni wa jumba la Binns, West Lothian, lililonunuliwa mwaka 1612 na mfanyabiashara wa Edinburgh. Mwanawe ndiye Jenerali Tam Dalyell, aliyekwenda kutumikia Urusi na kufariki 1685. Mbunge Tam Dalyell, aliyekaa bungeni kuanzia 1962 hadi 2005, ni wa nyumba hiyo. Yeye alizaliwa mwaka 1932 akiitwa Loch, jina la baba. Baba alichukua jina la mkewe mwaka 1938, kwa kuwa mali na jina vilikuwa upande wa mama. Hilo lifikirie kabla ya kumwambia mtu apime DNA ya upande wa baba ili kuthibitisha jina: Uskoti, jina limeweza kufuata shamba.

Watu wa kawaida wengi ni Dalziel, ingawa mtu huyo huyo anaweza kubatizwa Dalyell, kuoa akiwa Dalzell na kuzikwa Dalziel. Aliyeamua tahajia alikuwa karani wa kanisa, si mwenye jina.

Kwa mtawanyiko, weka vitovu vitatu kichwani. Kwanza Lanarkshire yenyewe. Pili Dumfriesshire, hasa bonde la mto Nith kuzunguka Sanquhar na Penpont. (Penpont ndiko alikozaliwa Joseph Thomson, yule aliyefika ziwa hili mwaka 1883 akipitia Umasaini.) Tatu West Lothian na Edinburgh. Karne ya 19 makaa ya mawe na chuma viliwavuta watu Glasgow na Motherwell, ndiyo maana sensa za mwishoni mwa karne hiyo zinaifanya Lanarkshire ionekane chimbuko la kila mtu. Ukitaka chimbuko, tazama rejista za kabla ya 1800. Nje ya hapo, Dalzell imeota mizizi Ireland ya Kaskazini. Deyell iko Shetland, na hiyo usiiunganishe na Lanarkshire mpaka karatasi iseme. Ndugu Dalziel, wachongaji maarufu wa picha wa London, asili yao ni Wooler, ng'ambo ya mpaka upande wa Uingereza.

Kwa wapenda baiskeli wa Usukumani: Gavin Dalzell, fundi mapipa wa Lesmahagow huko huko Lanarkshire, kwa miaka mingi alisifiwa kuwa ndiye mbunifu wa baiskeli ya kukanyaga, hadi ilipokubalika kwamba aliiga ya Kirkpatrick Macmillan wa Dumfriesshire.

Mtego wa mwisho ni wa watu wa meli hasa. Kiwanda cha chuma cha Dalzell, Motherwell, kilianzishwa na David Colville mwanzoni mwa miaka ya 1870 na kilitoa mabamba ya kujengea meli. Meli nyingi za ziwa hili zilitoka Uskoti: William Mackinnon ilijengwa Paisley, Victoria ikajengwa na Yarrow, Glasgow. Neno "Dalzell" likitokea kwenye orodha ya vipuri, ankara au bamba la chuma, kuna uwezekano mkubwa kuwa ni chuma, si mtu.

---

Makabrasha_Igogo

Nashukuru sana wakuu. Hilo la chuma limenigusa, maana ankara mbili zina "Dalzell" bila herufi za kwanza za jina. Sasa, kama saini ni Dalyell, je niseme ni wa nyumba ya Binns?

---

Nansio_Feri

Hapana. Tahajia inakupa mahali pa kuanza kutafuta, haikupi nasaba.

---

Kijana_wa_Nyakato

Mbona rahisi, wekeni Soundex (mfumo unaoligeuza jina kuwa herufi moja na tarakimu tatu kwa kufuata sauti zake) kwenye tovuti yoyote ya nasaba, inakusanya tahajia zote yenyewe.

---

Rejista_Kirumba

Kwa jina hili Soundex ndiyo inayokupoteza, mdogo wangu. Piga hesabu. Dalziel: D, l ni 4, z ni 2, l ni 4, inakuwa D424. Dalzell vilevile D424. Dalyell: y haihesabiwi, l mbili za mwisho huhesabiwa moja, inakuwa D440. Deyell ni D400. Tahajia nne zimeingia kwenye visanduku vitatu, kwa sababu mfumo unaamini kwamba z ni z. Tumia alama za kujazia.

Makabrasha, fanya hivi. Fungua akaunti kwenye ScotlandsPeople, tovuti ya serikali ya Uskoti. Kutafuta kwenye faharasa ni bure, unalipia kufungua picha ya ukurasa. Picha ya cheti cha kuzaliwa, ndoa au kifo ni krediti 6, sawa na pauni 1.50, na kifurushi kidogo ni krediti 30 kwa pauni 7.50, hakikisha bei siku unayolipa. Krediti hudumu miaka 2. Kadi ya Visa inayotolewa kupitia pesa za simu inaweza kutosha, ila weka kiasi cha ziada kidogo kwa ajili ya kubadili fedha, la sivyo malipo yanakataliwa na utadhani tovuti ni mbovu.

Kwenye sehemu ya jina la ukoo andika Da\*l\*l. Nyota inasimama badala ya herufi yoyote idadi yoyote, hata sifuri. Itakuletea Dalziel, Dalzell, Dalyell, Dalyel, Dalzeil. Itakuletea na takataka, Darnell na Daniell, hizo ruka. Kisha tafuta peke yake De?ell, alama ya kuuliza ni herufi moja tu. Usiandike D\*l\*l ukidhani utamaliza mara moja. Utamwagiwa kina Dougall wote wa Uskoti.

Kwa mtu aliyekuwa fundi ziwani miaka ya 1930, huenda alizaliwa kati ya 1880 na 1910. Usajili wa serikali Uskoti ulianza 1 Januari 1855, hivyo cheti kipo kama alizaliwa huko. Picha za waliozaliwa hufunguliwa mtandaoni baada ya miaka 100, ndoa 75, vifo 50. Cheti cha kuzaliwa kinataja tarehe na mahali wazazi walipooana, na hapo ndipo unapopandia. Kile cha ndoa ndicho chenye thamani: kinataja baba na mama wa pande zote mbili, pamoja na jina la ukoo la mama kabla ya kuolewa. Ukifuata ndoa, ndoa ya wazazi, ndoa ya babu, picha tatu zinakufikisha karibu na 1855. Ukikuta tukio la mwaka 1855 wenyewe, lifungue bila kufikiria mara mbili. Mwaka ule fomu iliuliza mambo mengi mno, umri wa wazazi, walikozaliwa, watoto wengine, na makarani wakalalamika, hivyo 1856 ikapunguzwa. Tarehe ya ndoa ya wazazi ilirudishwa kwenye vyeti vya kuzaliwa mwaka 1861. Kati ya 1856 na 1860 kuna pengo, usilaumu macho yako.

Kabla ya 1855 ni rejista za parokia za Kanisa la Skotlandi, kongwe kuliko zote ikiwa ya Errol, 1553. Hapa ndipo wengi wanakwama na kusema "familia haikuwepo". Lanarkshire na Dumfriesshire zilikuwa na waumini wengi waliojitenga na kanisa hilo, na watoto wao hawamo kwenye daftari lake. Tena kati ya 1783 na 1794 kila uandikishaji ulitozwa kodi ya peni 3, masikini wakanyamaza. Kutokuwepo kwenye rejista ya miaka hiyo hakuthibitishi chochote.

Sensa ni kila miaka 10 kuanzia 1841, na ya 1921 ipo. Ya 1841 iangalie kwa tahadhari: walioagizwa kuhesabu walitakiwa kushusha umri wa waliozidi miaka 15 hadi kwenye tano iliyo chini, aliye na 39 akaandikwa 35. Kutengeneza picha ya mtawanyiko, usihesabu sensa moja. Chukua 1841 na 1881, hesabu kila tahajia kwa kila kaunti, halafu gawanya kwa idadi ya watu wa kaunti hiyo. Usipogawanya, Lanarkshire itashinda siku zote kwa kuwa Glasgow imo humo.

Jambo moja limesahaulika hapo juu: angalia jina la katikati. Waskoti hupenda kumpa mtoto jina la ukoo wa mama kama jina la kati. Ukimkuta James Dalziel Brown, huyo ni Brown. Dalziel ni kina mama zake. Majina ya kwanza nayo mara nyingi hufuata zamu: mtoto wa kiume wa kwanza babu mzaa baba, wa pili babu mzaa mama, wa tatu baba mwenyewe. Si sheria, ila ukiwa na wagombea wawili wa kuzaliwa mwaka mmoja, zamu hiyo inaweza kukusaidia kumchagua.

---

Bandari_Musoma

Upande wetu wa ziwa kuna vitu vinavyokupa herufi za kwanza za jina na umri kabla hujatumia krediti hata moja.

Anza na Gazeti Rasmi la Kenya. Kisumu ndiyo iliyokuwa makao ya shughuli za meli za reli, na matangazo ya mirathi ya wafanyakazi wa Kizungu yalichapishwa humo. Matoleo mengi yamewekwa mtandaoni na yanasomeka bure. La Tanganyika nalo lilibeba mirathi ya waliofia upande huu. Humo tafuta kwa z na kwa y, na kumbuka kwamba mashine ya kusoma maandishi huweza kukosea herufi.

Pili, orodha za abiria waliotoka bandari za Uingereza, 1890 hadi 1960. Zinaandika umri, kazi na mara nyingi anwani ya mwisho nyumbani. Mtu wako ataonekana akielekea Mombasa. Likizo zake zikimrudisha kila baada ya miaka kadhaa, utapata anwani zaidi ya moja, na ile ya kijijini kwa wazazi ndiyo ya kuishika.

Tatu, kama alikuwa na cheti cha fundi mitambo wa meli, mfumo wa vyeti hivyo ulianza 1862 na kumbukumbu zake hutaja mwaka na mji wa kuzaliwa.

Nne, kama alifariki akiwa na mali Uskoti, jina lake litakuwa kwenye kalenda ya uthibitisho wa mirathi iliyochapishwa kila mwaka kuanzia 1876. Huandika alikofia hata kama ni Afrika, na msimamizi wa mali ni nani.

Kwenye faharasa yako usisahihishe. Kadi moja, mistari minne. Wa kwanza jina kama lilivyo kwenye karatasi hiyo. Wa pili jina sanifu ulilochagua, mimi ningechukua Dalziel kwa sababu ndilo la hati ya ajira. Wa tatu matamshi: di-YEL. Wa nne "tazama pia": Dalyell, Dalzell, Diyeli. Na uweke kadi fupi kwenye kila moja ya hizo tatu, ikielekeza Dalziel. Zile ankara mbili za Dalzell zipeleke kwenye vifaa mpaka upate herufi za kwanza za jina, au saini.

---

Makabrasha_Igogo

Nimezigeuza ankara upande wa pili. Zote mbili zina uzito kwa tani na unene kwa inchi. Ni chuma. Kadi ya Diyeli naiandika leo.